Rakuni Aliyekula Chakula cha Mgeni

Mpendwa Dada Felista,

Kwa heshima unayostahili, naomba kujibu swali uliloniuliza mara tatu tangu uliporejea Moshi kumuuguza Mama: nitarudi lini? Barua nne nimezianza, zote nikazichana. Kabla ya jibu, niruhusu nikukumbushe yule rakuni, mnyama wa usiku wa huku mwenye weusi kama barakoa usoni.

Ilikuwa theluji ya kwanza hapa ughaibuni, Brooklyn Center. Jokofu lilijaa, nawe, kama tulivyolelewa, ulikuwa umemtengea mgeni asiyetarajiwa sehemu yake ya wali. Ukaiacha kwenye ngazi ya nyuma, baridi iihifadhi. Asubuhi tulikuta sufuria tupu, kifuniko kimewekwa kando kwa adabu, na juu ya theluji alama za viganja kama vya mtoto.

"Mgeni gani huyu asiyepiga hodi?" ulifoka.

Mimi nilimwandikia mwenye nyumba malalamiko ya kurasa mbili. Mzee wa watu akaja mwenyewe kutoka Anoka, akacheka.

"Huyo ni rakuni. Kwao ni tundu la mti, kando ya mto. Mti ukikatwa, anahamia mtaro wa maji ya mvua. Mtaro ukifurika, anapanda darini kwenu. Alizoea kula kamba wa mtoni. Sasa kazoea wali."

"Na baridi ikizidi?" ulimuuliza.

"Analala siku nyingi, akiishi kwa mafuta ya mwilini. Jua likitoka kidogo, huyo, anatafuta."

Ukanigeukia: "Mdogo wangu, huyo ni wewe kabisa! Ila yeye haandiki malalamiko." Kisha ukaweka jiwe juu ya kifuniko.

Dada, tangu uondoke nimebadilisha kazi mara tatu, na naendesha gari juu ya barafu hadi kazini Maplewood. Nikikaa, nasimama, nikisimama, nachungulia dirishani. Sijui kama huku ni kuzoea au ni kujificha tu.

Majira haya rakuni jike amezalia darini. Nilimwomba mwenye nyumba, kwa maandishi, asizibe tundu kabla watoto hawajaweza kutembea. Alikubali, akanisogezea mkataba wa mwaka mwingine. Mkono wangu ulitia saini kabla sijauuliza.

Hilo ndilo jibu, Dada: mwaka huu sirudi. Tafadhali mweleze Mama polepole. Chakula cha mgeni ningali nakitenga, na jiwe lako liko juu yake. Ukija, liondoe kwa mkono wako mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako mtiifu, ambaye bado hajatulia.