Miguu ya Établi

Baba Octave,

Bukari ya unga ya mahindi iko mu sufuria, mboga ya sombe chini ya sahani. Minye niko kwa Mama Julie, ninamupelekea mbabula yake ya makala yenye nilimutengenezea.

Ile établi, meza ya kazi yenye ulinitengenezea mu garaji, ulipima ku kiuno yako, juu unasema kule ku kiwanda ya Shituru banafanyaka vile. Lakini mwenye kupondaka tole, mabati ya mbabula, pale ni minye, na ninakufikia paka ku kifua tu. Wiki nzima nilipiga nyundo mukono juu, kama muntu anagonga mulango ya jirani. Bega inaniuma. Nilikuambia mara tatu, ukacheka.

Leo wakati ulienda ku misa, nilisimama wima, mukono chini, nikatia alama penye ngumi yangu inafikia. Kisha nikachukua musumeno, nikakata miguu yote ine. ~~Unisamehe.~~ Sasa inanifaa. Usiweke matofali chini yake. Kama weye unataka kutumikia pale, utainama.

Na usitafute bile bipande ya miguu. Ndiyo kuni yenye ilipika bukari yako. Kula ingali moto.

Mama Octave