Jiwe Lililokunywa Maji

Machimboni, tarehe 3 mwezi wa pili

Dada mpendwa,

Pokea salamu za mwanaume mwenye nguvu kuliko wote waliowahi kushika sururu. Usicheke. Juzi nimewaangusha watu watatu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Mmoja wao mpaka leo anatafunia upande mmoja.

U mzima? Tumbo linaendeleaje? Mwambie huyo aliyemo humo kwamba mjomba wake ni chuma.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye rangi. Wewe unadhani opali, haya mawe tunayochimba, ni ya rangi moja, kama chumvi. Thubutu! Kuna nyeupe kama maziwa yaliyotiwa cheche. Kuna nyeusi, ukiigeuza kijani na buluu vinakimbizana ndani kama shingo ya njiwa juani. Kuna ya asali. Kuna nyekundu kama kaa la moto. Hiyo haichezi, inawaka tu. Na nyingi zinadanganya, inategemea umesimama wapi. Basi jirani wa shimo la pili akasema jiwe letu ni la kijani, mimi nikasema ni jekundu, akaniita kipofu. Nikampiga kichwa cha pua. Kumbe wote tulikuwa tunasema kweli, yeye alisimama huku, mimi kule. Lakini pua ilikuwa imeshavunjika, ningefanyaje?

Hapa ukitaka kulijua jiwe unalilamba. Likilowa tu, rangi zinatoka zimechangamka. Nimeshakula udongo kuliko mnyoo.

Mdogo wako,
Nyundo

(Mke wangu, huyu mwongo. Walikuwa wawili, na chai aliimwaga yote. Mimi nipo salama. Nachunga mawe na namchunga yeye, na kazi ya pili ndiyo ngumu. Nitakuwa nyumbani kabla hujajifungua. Mumeo.)


Nyumbani, tarehe 20 mwezi wa pili

Wewe Nyundo wa kujiita,

Huku wazima, ila miguu imevimba na tumbo linafika mlangoni kabla yangu. Mama anasema mdomo umeurithi kwa baba, lakini hicho kichwa hajui umekiokota wapi. Miaka mitano ya shule, ukarudi na daftari lililojaa picha za majogoo.

Sasa sikiliza. Nimesoma habari za pua ya yule mtu na sikucheka. Tangu utotoni ngumi yako inafika kabla ya swali. Ulimng'oa jino binti wa fundi cherehani kwa ajili ya kalamu, na kalamu ilikuwa mfukoni mwako.

Nilimruhusu mume wangu aende huko kwa sababu ulisema utamlinda. Nataka awe hapa mtoto akizaliwa. Mawe yapendeni nyinyi, mimi nataka mtu.

Dada yako


Machimboni, tarehe 15 mwezi wa tatu

Dada,

Mama hajambo? Wewe je? Keti kwanza. Umeketi? Tumelipata!

Kubwa kama yai la bata. Kwa nje limevaa ganda chafu kama kiazi, lakini upande mmoja limebanduka, na humo ndani, sijui niseme nini, na unanijua si mtu wa kukosa maneno. Ni jeupe. Ukiligeuza kidogo unapita wekundu, unafuata kijani cha mgongo wa inzi, halafu zambarau, kama povu la sabuni lililoganda. Shemeji alipiga magoti kama yuko kwenye ibada. Mimi nililia, lakini kiume.

Habari zikavuja. Jumanne walikuja wanne na nondo. Mmoja nilimshushia jembe begani nikasikia mfupa ukiitika. Na shemeji, huyo mpole wenu, alimng'ata mtu sikio mpaka likaning'inia! Damu kidevuni, anatabasamu. Sasa namshuku hata mbuzi anayekatiza uani. Mnunuzi mkubwa anakuja wiki ijayo.

Nyundo

(Mke wangu, ni kweli nilimng'ata. Usiwaambie wazee. Mnunuzi akishaliona tu, napanda gari. Mumeo.)


Nyumbani, tarehe 2 mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo. Mtoto amezaliwa, msichana, ana mapafu ya dalali wa mnadani.

Nimetuma barua mbili, zote kimya. Mpe mume wangu kalamu aandike mstari mmoja. Mmoja tu. Mtoto hana jina bado, anamngoja baba yake.

Dada yako


Machimboni, tarehe 19 mwezi wa tano

Dada,

Hongera sana! Natumaini wewe na mtoto mna afya. Mimi nimenenepa, suruali hazifungi.

Shemeji anakusalimia mno. Hawezi kuandika, ana jeraha dogo mkononi. Majambazi walirudi, safari hii saba, nikawatawanya kama vifaranga. Anasema mpe mtoto jina unalopenda wewe. Anasema pia usihangaike kuja huku, njia ni mbaya.

Nyundo


Nyumbani, tarehe 30 mwezi wa tano

Sikusalimu.

Leo asubuhi amekuja dereva wa lori la maji, ameshika viatu vya mume wangu. Anasema alimbeba mwezi wa tatu kumpeleka zahanati, na hawakufika naye akiwa hai. Alidhani tunajua. Alidhani ulituandikia. Nikamuuliza, ni majambazi? Akaviangalia vile viatu, akasema, "Muulize mdogo wako, mama. Mimi dereva tu."

Umeniletea salamu za marehemu. Umempa mwanangu ruhusa ya jina kwa mdomo wa marehemu, na mimi nikampa jina siku ileile, nikafurahi.

Nakuuliza mara moja. Nani?

Dada yako


Machimboni, tarehe 12 mwezi wa sita

Dada,

Mimi.

Nimeliandika hilo neno nikashindwa kuendelea siku nne.

Majambazi hawakuwepo. Siku moja kabla ya mnunuzi, mimi nilikuwa shimoni. Shemeji alikaa kibandani akaliparua lile jiwe ganda lote, akalitumbukiza kwenye kopo la maji litoke matope. Nilipopanda juu nikachungulia kopo. Mlikuwa na donge la kioo. Kioo kitupu, dada, unaona kidole upande wa pili. Hakuna wekundu, hakuna zambarau, hata umbo silo lile nililolijua.

Nikamwambia, "Jiwe letu umempa nani?"

Akasema, "Ndilo hilihili. Limekunywa maji, shemeji. Mzee mmoja aliwahi kuniambia yapo ya namna hiyo. Liache likauke."

Nikacheka. Miaka miwili nalamba mawe, na maji siku zote yanaleta rangi, hayaondoi. Nikajua ananifanya mjinga. Nikachukua mpini wa sururu. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mbavuni, la tatu kichwani. Baada ya hapo sikuhesabu. Hakunirudishia hata moja. Yeye aliyemng'ata mtu sikio, mimi hakunigusa.

Lile donge nikalitupa pembeni.

Alikuwa hai. Nilimlaza kwenye mkeka nikakaa mlangoni. Mnunuzi alikuja, nikamfukuza kwa matusi. Shemeji aliomba zahanati. Nikamwambia, "Taja jiwe liko wapi, nakubeba mgongoni sasa hivi, unajua nina nguvu." Alikuwa anatapika. Alisema tu likauke, likauke. Halafu akaacha kusema hilo, akawa anakuita wewe.

Siku ya tatu asubuhi jua lilipenya mlangoni likapiga pembe nilikolitupa lile donge. Donge lilikuwa jeupe kama maziwa. Nikaliinua. Wekundu ukapita, kisha kijani, kisha zambarau, zote zimerudi, hakuna hata moja iliyopotea. Nikambeba mbio mpaka barabarani. Alikata roho kwenye lori, kabla ya daraja, kichwa chake mapajani mwangu.

Watu wa hapa, waliomzika pamoja nami, wanaamini ni majambazi. Wananipisha kwenye foleni ya maji, wananiita shujaa, nami nimeitika. Barua hii ipeleke polisi. Anwani iko nyuma ya bahasha, sihami.

Nilitaka kukuambia ni hasira. Nimeandika hivyo mara tatu, nimechana mara tatu. Hasira ilikuwepo nilipokuwa na mpini, hilo kweli, na iliisha kabla sijauweka chini. Siku mbili zile pale mlangoni sikuwa na hasira. Nilikuwa nimetulia. Nilikula, nilinawa. Lori la maji lilipita kila siku, na kila siku dereva alisimama akauliza kama kuna mgonjwa wa kubeba.

Nilimwambia hakuna.

Mdogo wako