Tumeoana, Hatujaonana

Kalemie, mtaa wa Kataki
Jumapili, baada ya misa

Kwako yaya wangu Ruffin, kifungua mimba wa Mama,

Pokea jambo nyingi kutoka kwa mdogo wako Chancelle, ambaye siku hizi majirani wanamwita madamu Salomon, naye anageuka haraka kabla hawajamaliza kuita. Natumaini Lubumbashi inakutunza na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Sisi huku tunapumua. Ziwa liko mahali pake na ndagala bado hawajatukimbia.

Utashangaa kuona karatasi, sisi watu wa kutumiana sauti kwenye simu kila jioni. Karatasi hii ina sababu yake, utaikuta mbele. Nimempa jirani yetu Christophe anayepanda treni kuja huko, nikamwapisha akuwekee mkononi.

Yaya, ndoa ni tamu! Najua haya si ya kumwambia kaka, lakini nimwambie nani? Salomon akitoka biro, ofisi yake ya bandarini, anapita sokoni, anachagua samaki, mukebuka ulionona kuliko yote, anauleta ameukumbatia kifuani kama wengine wanavyobeba maua. Shati linanuka, mimi ninalifua nikiimba. Nikimsikia akikohoa barabarani, moyo unanitangulia mlangoni.

Sasa nikusimulie vizuri habari za zawadi yako, maana kwenye simu nilizikatakata. Uliposema mitihani inakuzuia kuja harusini, lakini utatuma kitu ulichokitengeneza mwenyewe, mimi nilitegemea video. Ukatuandikia kwamba si video. Ni programu ndogo, ndani yake hakuna picha hata moja iliyowekwa akiba, ni maagizo tu. Mashine inachora kila kitu palepale, mtazamaji akiwa anatazama, na muziki inautunga palepale. Ndiyo sababu ukataka mashine yenye nguvu: kadi ya michoro inayojitegemea, yenye memori yake, siyo ile dhaifu iliyogandishwa ndani ya kompyuta za biro; pilote mpya ya kuiendesha kadi hiyo; na spika za kweli, siyo za simu. Nilisoma ujumbe huo kwa sauti. Mama akacheka, akasema basi njo kama hadithi za bibi, hazikai kabatini, mpaka muntu azisimulie ndipo zinakuwepo. Nadhani yeye alikuelewa kuliko sisi wote.

Tulianza na kompyuta ya Salomon ya kazini. Muziki ulicheza, kioo kikabaki cheusi kama kitako cha sufuria. Tukaenda kwa Doudou, yule anayewajazia watu filamu kwenye flashi karibu na stesheni. Alipoona faili lako halifiki hata mega moja, alicheka mpaka akashika meza. Alisema filamu anazijua kwa uzito, na hii yetu haitoshi hata majina ya mwanzo. Akasema labda yaya wangu alituma mfuko akasahau kutia unga. Hata hivyo alijaribu. Picha zilikuja zikichechemea, moja ikiganda, nyingine ikikawia, huku muziki umeshakwenda zake, kama msafara wa harusi uliomwacha bibi harusi njiani.

Ndipo tukampata Djo, anayepiga video za harusi. Yeye ana mashine kubwa yenye kadi hiyo, feni zake zinavuma kama boti ya Moba. Djo alipendekeza airekodi kazi yako kama video, kila mtu aiweke kwenye simu, tuache kuhangaika. Ukakataa. Ulituma sauti, ukasema video ni nyayo tu, na wewe unataka Mama auone mguu wenyewe. Ulirudia: Mama aone. Mama alikuwa amekaa karibu yangu. Aliinuka akaenda uani, akaanza kuchambua tena maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Siku ya harusi Salomon aliipakata mashine juu ya pikipiki, ameifunika kwa koti lake jipya ili isipate vumbi. Wanawake wa barabarani wakapiga vigelegele wakidhani amebeba mtoto. Yaya, nilimpenda siku ile mpaka nikaogopa. Jenereta lakini ilikuwa moja, haikuweza kubeba mashine na frigo ya bia pamoja, basi frigo ikazimwa. Baba mdogo Sébastien alilalamika hadharani kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona sinema inayokunywa bia ya wageni.

Halafu kazi yako ikaanza. Nyumba yetu ya zamani ya shirika la reli iliinuka kutoka ndani ya maji, punje kwa punje. Ikaja baraza, zikaja reli zikijitandika zenyewe, kisha kile kitenge cha bluu cha Mama kikafunguka kikawa ziwa. Mwishoni pote pakawa peupe, na majina yakapita. Ulishaniambia kwamba kwenu watu wa sanaa hiyo, kazi haiishi bila kusalimia marafiki. Ulitusalimia sisi tu, na la mwisho likaja MAMA, likasimama peke yake.

Kesho yake ukaniuliza Mama alionaje. Nikakujibu kwamba aliipenda bluu ya kitenge.

Yaya, kama umesimama, keti. Mama haoni.

Ilianza masika yaliyopita. Daktari alisema ni presha ndani ya macho, na kilichokwenda hakirudi. La kulia limezimika. La kushoto limebaki na mwanga kidogo, kama dirisha lenye pazia. Alitukataza kukuambia. Alisema ukijua utaacha masomo uje kumshika mkono, na mikono ya kumshika hapa ipo. Akikuambia kwenye simu kwamba mawingu yamejaa juu ya ziwa, ameyasikia kwa wapita njia. Na kila sauti inayotoka au kuingia nyumba hii anaisikia, masikio yake sasa yamekuwa makali. Hata ningekuandikia kwenye simu, ungepiga palepale naye angesikia. Karatasi ndicho kitu pekee kinachoweza kumpita kimya.

Kwa hiyo siku ile niliacha kiti changu cha bibi harusi, nikakaa chini miguuni pake nikamnong'onezea. Picha zilikwenda mbio, nami nikaenda mbio. Akanibana bega, akasema, "Polepole, mwanangu. Mashine ya kichwa changu ni ya zamani." Nikacheka, kisha nikalia ndani ya shela, wageni wakasema bibi harusi amezidiwa na furaha. Mimi nilikuwa bado namsimulia baraza, kazi yako imeshafika kwenye reli.

Pote palipokuwa peupe aliniziba mdomo kwa kiganja. Akainua mkono wake mbele ya uso, akaupitisha huku na huku. Akasema, "Hii nimeiona mwenyewe."

Jina lake hakuliona. Nilimwambia limeandikwa, akaniuliza kama bado lipo. Nikamwambia bado lipo, Mama, limesimama tu. Djo alikuwa ameshaanza kuchomoa nyaya.

Tulipoinama atubariki, alishika vichwa vyetu akasema ninyi mumeoana, sasa bado mimi na Ruffin tuonane. Watu walicheka wakidhani ni mchezo wa maneno.

Yaya, njoo. Daktari anasema hata kile kidogo cha kushoto kinaondoka. Usiseme nimekuandikia, sema umepewa likizo. Usilete mashine wala kadi. Njoo asubuhi, usimame kwenye mlango wa mbele, ule unaotazama ziwa, jua likiwa mgongoni kwako, na usiseme neno. Kivuli chako atakiona.

Sasa na mimi nipitishe majina yangu, kama kwenu. Salomon anakusalimu, anasema chumba cha nyuma ni chako. Djo anakusalimu. Doudou anakusalimu, anauliza kama unga umeshapatikana. Baba mdogo Sébastien anakusalimu na bado anakudai bia ya baridi.

Mama anakusalimu. Amekaa hapa mbele yangu, amesikia kalamu inakwaruza, ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia ni hesabu za sokoni.

Mdogo wako anayekungoja,
Chancelle