Dishi la Marehemu Baba

Jumatatu, 30 Juni

Dishi limegeuka tena. Mara ya nne mwezi huu. Upepo wa kusi hauna adabu.

Fundi kaja baada ya Adhuhuri. Utaratibu ule ule. Anasimama kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, anakohoa mara tatu. Mimi namkimbiza Mama chumba cha ndani, nashusha pazia. Fundi anapita huku akitazama vidole vyake vya miguu, anapanda ngazi. Nyumba hizi za mawe hazina njia nyingine ya kufika paani ila kupitia katikati ya nyumba. Mama yuko eda, mwezi wa tatu huu tangu Baba afariki. Mwanamume wa kando hatakiwi kumwona. Leo fundi kakaa saa nzima juu, na Mama saa nzima kwenye joto, bila feni. Katoka jasho linamtiririka.

Baba alikuwa akipanda mwenyewe. Mimi nilijaribu wiki iliyopita. Nikapoteza hata idhaa zilizokuwepo.

Nimechoka.

Jumanne, 1 Julai

Wanawake tunaoshona nao walikuja leo baada ya chakula, watano, kila mmoja na kofia yake. Kabla ya msiba ilikuwa zamu kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Tangu Mama aingie eda wanakuja kwetu kila siku, kwa kuwa yeye hawezi kutoka. Wanashona, tamthilia inasema. Hakuna anayeitazama hasa. Kofia ya mkono ina vitobo vidogo mno, ukiinua uso unapoteza hesabu. Wenyewe wanasikiliza tu.

Kuna wanaonong'ona kwamba mjane wa eda hafai kukaa na runinga. Waseme. Saa hizo mbili ndizo wakati pekee Mama anapofungua mdomo. Anakula hamri moja, anamcheka Bi Rukia, jirani yetu, ambaye ulimi wake hauna mfupa. Wakishaondoka anarudi kimya, anatazama ngazi.

Alhamisi, 3 Julai

Binti yangu Salma kapiga simu kutoka Mombasa. Nikamlalamikia habari za dishi. Kacheka. "Ma, dishi ni za kizamani! Siku hizi ni kustrimu tu, unatazama kwa mtandao. Hakuna fundi, hakuna kupanda." Ataniletea ruta ya mtandao na kijisanduku cha kuchomeka kwenye runinga.

Hakuna fundi. Nililisikia neno hilo tu, mengine yote yakanipita.

Nikamwambia Mama. Akasema, "Babako alilifunga kwa mikono yake." Nikamwambia dishi halishuki, litabaki pale pale juu, ila hatutalitegemea. Akageuka akatazama ngazi. Nikaona ni ukaidi wa kawaida wa wazee. Nikampigia fundi nikamwambia asije tena, nikafunga hesabu ya king'amuzi. Nilijiona mwanamke wa maana.

Jumapili, 6 Julai

Mzigo umefika kwa basi, ukavuka kwa mashua. Salma kanielekeza kwa simu, waya huu hapa, ule pale. Kufika Alasiri picha imetoka. Safi, haina chenga hata moja! Filamu za dunia nzima, sijui nianze wapi. Nimechagua tamthilia ya watu matajiri wenye jumba kando ya bahari. Nguo zao nzuri, machozi yao mengi. Wataipenda.

Nimefurahi sana leo. Niliandike hilo.

Jumatatu, 7 Julai

Aibu.

Wamekuja, wameketi, wametoa sindano. Nikawasha. Wale matajiri wakaanza kusema lugha yao, na maneno ya Kiingereza yakipita chini ya picha. Dakika tano zikapita. Kisha Bi Rukia akaweka kofia magotini. "Mwanangu, mato yangu yako kwenye sindano. Hayo maandishi tayasoma na nini, na kitwa?"

Wengine wakacheka. Mama hakucheka. Nikabadilisha, nikabadilisha tena, kila nilipogusa ni maandishi. Mmoja kajidunga kidole, tone la damu likaingia kwenye kofia nyeupe ya mteja. Kazi ya miezi miwili. Wakaaga mapema, eti wana wageni. Watu watano, wote wana wageni siku moja!

Sikulifikiria hata kidogo. Nimekulia miongoni mwa sindano hizo, mimi mwenyewe nashona, na bado nikawaletea wanawake hawa kitu cha kusoma.

Jumatano, 9 Julai

Jana alikuja mmoja. Leo hakuna. Nasikia wanakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, penye king'amuzi. Nawasikia wakicheka kupitia dirisha. Mama anawasikia pia.

Mahamri yamebaki kwenye sahani. Nilimsogezea, kasema ameshiba. Ameshiba nini? Tangu asubuhi chai kavu.

Imebaki zaidi ya mwezi mmoja kumaliza eda. Nilikuwa nimepewa kitu kimoja cha kumvusha mama yangu salama, wale wanawake watano, nami nimewafukuza kwa mikono yangu ili tu nisisikie kikohozi cha fundi. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu kaja mapema.

Nimelia jikoni. Vitunguu vimenisitiri.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia fundi arudi. Yuko Siyu kwa shughuli za harusi ya dadake, atakuja wiki ijayo, inshallah. Hiyo inshallah yake naijua.

Mama kalala kutwa.

Jumamosi, 12 Julai

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Salma kapiga simu asubuhi, nikamwaga yote. Kauliza jina la ile tamthilia yao ya zamani, ya Kiswahili. Nikamtajia. "Lakini Ma, hiyo iko! Kituo chenyewe kimeiweka mtandaoni." Kanionyesha pa kubonyeza. Iko yote, tangu sehemu ya kwanza, na wote wanasema Kiswahili. Siku sita nilikuwa nimekaa juu ya chakula huku nikilia njaa.

Nilijifunga buibui nikaenda mlango kwa mlango. Sikuomba msamaha, ila niliwaambia nimepika viazi vya karai. Wamekuja wote watano. Bi Rukia kaingia wa mwisho, ili aonekane hana haraka.

Katikati ya harusi ya kwenye tamthilia, adhana ya Alasiri. Zamani ndipo ugomvi ulipoanzia. Tulikuwa tukizima, tukisali, tukirudi tunakuta harusi imekwisha na mtu amekufa, na jioni nzima ni kubishana kafa nani. Leo nilibonyeza kitufe. Bwana harusi kaganda na mdomo wazi. Tukatia udhu, tukasali, nyuradi zetu tukazimaliza bila pupa. Kurudi, yupo vile vile na mdomo wake.

"Subhanallah," kasema Bi Rukia, "yuwatungoja!"

Mama kacheka. Kacheka mpaka akashika ubavu. Kala mahamri mawili na viazi.

Nimempigia fundi asije.

Jumanne, 15 Julai

Leo mtandao ulikwama. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, na bibi harusi ameshatoroka hatujui wapi. Kuta zetu unene wake dhiraa nzima, mawasiliano yanapita kwa taabu. Salma kasema, ipandishe ruta juu.

Nikavuta waya mrefu, nikapanda. Sijafika paani tangu siku ile niliyolivuruga dishi. Liko pale pale, limeota kutu kwenye ukingo, limefungwa kwa kamba ya mashua, fundo juu ya fundo. Mafundo ya Baba. Nikaweka ruta kando yake, chini ya ndoo niliyoipindua, upepo usiichukue. Nikainama kwenye mdomo wa ngazi nikapaza sauti, "Imeshika?"

Nikadhani hawakunisikia.

Kisha sauti ya Mama, kali, sijaisikia tangu msiba. "Bado! Elekeza upande wa msikiti!"

Ruta haina upande. Niliigeuza upande wa msikiti.

"Kidogo tena! Hapo hapo! Imeshika! Usiguse!"

Nikaketi pale sakafuni. Miaka yote ile. Baba juu, Mama chini, kila upepo ukivuma. Imeshika? Bado. Imeshika? Bado. Hawakuwa watu wa maneno mengi wale wawili, siku nyingine hayo ndiyo yote waliyoambiana. Nami nilidhani anatazama ngazi kwa sababu ya fundi.

Niliposhuka wanawake wote walikuwa wameinamia kofia zao. Mjane wa eda hapazi sauti, kila mtu anajua. Hata Bi Rukia hakusema neno, na hiyo ni ajabu ya mwaka.

Ijumaa, 25 Julai

Hakuna kipya, namshukuru Mungu. Mtandao haukwami tena. Kofia yenye tone la damu imetakata, tuliisugua kwa ndimu na chumvi. Tumefika sehemu ya arubaini. Bi Rukia anataka turudie ya kumi na mbili, ambayo zamani tuliikosa kwa ajili ya adhana. Anataka kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyesema kweli juu ya aliyekufa.

Kumbe si yeye aliyesema kweli. Ni Mama.

Jumatano, 20 Agosti

Mama katoka eda leo. Kaoga, kavaa leso mpya, nimemfukizia udi. Wanawake wamekuja asubuhi, dua ikasomwa, wali ukaliwa. Bi Rukia kalia kuliko mwenye msiba. Wote wameondoka kabla ya Adhuhuri.

Nyumba ikatulia. Nikachukua kofia yangu, nikaketi. Mama akasimama kwenye ngazi, mkono ukutani, akaanza kupanda. Sikumzuia wala sikumfuata. Miezi minne na siku kumi hakuwahi kufika juu.

Kakaa huko muda mrefu. Mimi nikashona.

Kisha kutoka juu, si kwa sauti kubwa, "Imeshika?"

Niliitazama runinga. Ilikuwa imezimwa, kitambaa chake juu yake.

"Imeshika, Mama."

Akashuka polepole. Tukanywa chai.