Radhi za Mama

Jumatano, Mfunguo Tano

Bi Mize, mkunga wangu, angenikanda tumbo akenda zake, leo ningelala. Lakini alipokuwa akijifuta mafuta ya nazi mikononi akasema, "Mwanangu, mwezi wako ndo huu. Takana radhi na watu wako. Mja mzito akiwa na kinyongo, uchungu humganda."

Nilikasirika. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu na mimba yake ya kwanza!

Mume wangu nilipomwomba radhi alicheka. "Nshakusamehe hata usiyoyatenda." Nikavaa buibui, nikenda Ng'ambo kwa Mama. Mama hakuja harusini kwangu, na mpaka leo hatujalizungumza.

Nilimkuta anachana kanga kuukuu za kumfungia mtoto. Nikamwambia, "Mama, nnataka radhi zako."

Hakuinua uso. "Zangu unazo tangu zamani. Zako ndizo sina."

Nikajibu upesi, "Nshakusamehe, Mama." Akalia, nami nikalia.

Lakini nilisema kwa kuogopa tu. Uchungu ukija, sijui utasikiliza mdomo au moyo.