Mikwaruzo kwenye Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe kasafiri kwenda kumwona dada yake. Gari kaniachia mimi! Miaka sita naitwa "huyo mume wako", leo kanikabidhi ufunguo akasema mwanangu. Mwanangu! Nikajifanya nakohoa. Masharti: liwashwe dakika kumi kila asubuhi, lisiende hata getini. Juzi tu limetoka kwa fundi wake kubadilishwa oili, hakupata hata muda wa kulikagua. Gari lina miaka tisa na viti bado vina nailoni za dukani.

Jumanne, 4 Juni

Nimeliendesha.

Ni kile kitanda cha chuma tulichonunua kwa jirani wa mtaa wa nyuma. Nikasema ni hapo hapo tu, nani atajua? Mguu wa kitanda ukapita kwenye plastiki ya mlango wa nyuma, kwa ndani — krrrr! Mikwaruzo mitatu, myeupe pe kwenye plastiki nyeusi. Anarudi Jumapili. Mke wangu simwambii ng'o. Yule na mama yake ni kitu kimoja.

Jumatano, 5 Juni

Nimepaka dawa ya viatu. Imependeza! Nikaegemea kidogo kuangalia. Shati langu la kazini sasa lina mistari mitatu. Mlango nao bado unayo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa fundi, huyo huyo wa mama mkwe. Nikasema namuulizia rafiki yangu. Kacheka mpaka kaweka spana chini. Kasema basi huyo rafiki yako achukue draya ya nywele, aipitishe-pitishe bila kutulia mahali pamoja, plastiki ikilainika abonyeze kipande cha ngozi ili ule mchoro wa plastiki, wa kama ngozi, urudi.

Draya ipo. Ngozi nitaitoa wapi? Kuna mkoba wa mke wangu, ule wa kutokea.

Ijumaa, 7 Juni

Jamani, mimi ni fundi! Mikwaruzo haipo! Mkoba unanuka moshi kidogo tu.

Tatizo: pale pamekuwa papya mno, kwingine kote kumechakaa. Nikachungulia vizuri — kumbe kila plastiki ina vimikwaruzo vyake! Viwili viwili, pembeni, vimekatizana, vidogo kama punje ya mchele. Dashibodi, milango yote, mpaka kwenye buti. Na usafi wote ule wa mama wa watu! Nikaona nimfanyie hisani. Sehemu kumi na moja, zote nimezifuta. Mkono umekufa ganzi, draya imeungua, ila moyo kwatu.

Jumapili, 9 Juni

Karudi. Kafungua mlango, kapitisha kidole pembeni. Mlango wa pili. Wa tatu. Kavaa miwani. Kapiga yowe.

Kumbe vile vialama kavichora mwenyewe, kwa sindano! Ili mafundi wakimbadilishia kitu chake ajue. Sasa hakuna hata kimoja. Anasema yule fundi kalivua gari zima na kuliwekea plastiki za watu.

Nikafungua mdomo. Kanishika bega, machozi yanamlengalenga, kasema afadhali nyumba hii ina mtu mwaminifu, wewe mwanangu. Nikaufunga. Ovyo kabisa mimi!

Kampigia fundi aje sasa hivi, na polisi kawataja. Maskini ya Mungu, hajaiba hata nati. Lazima niseme. Nitasema. Nimeingia chooni nivute pumzi kwanza, naandikia magotini, chini ya kidirisha cha uani.

Geti limelia. Ni yeye. Mama mkwe keshaanza: mwizi, rudisha plastiki zangu! Fundi anaapa. Milango ya gari inafunguliwa, mmoja mmoja. 

Anacheka! Mungu wangu, anacheka kile kicheko cha Alhamisi. Anamwambia mama, hizi ni zako mwenyewe, zimepitishiwa draya tu, na aliyefanya kazi hii si haba.

Mke wangu anauliza draya gani. Halafu anauliza mbona huu mlango una mishono kama ya mkoba wake.

Mlango wa gari unafungwa. 

Ndala zinakuja koridoni. Zimesimama hapa nje. Wanagonga, pole pole, mara tatu. Sauti ya mama mkwe, anamuuliza binti yake:

"Huyo mume wako yuko humu?"