Umezaa Lini, Mwenzetu?

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kidoti wangu hajambo? Mimi mzima, ila mgongo tu. Kiwandani tunashona sare za shule kutwa.

Nimesikia kwa shangazi kwamba kila Jumamosi unakwenda darasa la wazazi. Nikacheka, halafu kicheko kikakatika. Wazazi! Wewe umezaa lini, mwenzetu? Nilikuachia mwanangu umlee mpaka nipate chumba, sikukuachia cheo. Na jana nimempigia simu, eti, "Mama ngoja, namalizia kumsimulia mama mdogo." Mimi ndiye wa kungoja! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Dada yako

18 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Pole na mgongo, uwe unajinyoosha sakafuni.

Usinune basi. Kidoti alianza kukojoa kitandani, nami nikawa namchapa kwa mwiko, na kadiri nilivyomchapa ndivyo alivyozidi. Muuguzi wa kliniki akanielekeza kwenye darasa hilo. Nilikaa karibu na mlango, nikiogopa wataniuliza hilo hilo ulilouliza wewe. Hakuna aliyeuliza. Yupo fundi mwashi mwenye mapacha, yupo muuza mkaa, yupo bibi anayelea wajukuu. Huko tunaigiza: wewe unakuwa mtoto, mwenzako anakuwa wewe. Mwashi akanisimamia na yale mabega yake, akatumia maneno yangu mwenyewe: "Jitu zima! Huoni haya?" Dada, nilijikunyata. Watu wakacheka. Muuza mkaa akasema na yeye kwake husema hivyo hivyo.

Siku hizi nachuchumaa kwanza, macho yawe sawa na yake, ndipo naongea. Ameacha kukojoa. Na ana maneno huyo, hamalizi!

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Habari za mwashi sizitaki. Hayo maneno asiyoyamaliza kwako yalikuwa yangu mimi. Chumba nimepata. Jumapili nakuja kumchukua, mfungie nguo zake.

Mama yake

2 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mikate unayouza inatoka? Nimekaa kimya sana. Pale stendi ulitupungia mkono nami nikageuza uso, nisamehe.

Kidoti ameanza tena kukojoa kitandani. Nilimfokea, nikampiga kofi. Hakulia. Alinitazama akaniuliza, "Mama, huwezi kuchuchumaa? Magoti yanauma?" Nikaona wivu. Hata namna ya kugombana na mwanangu umemfundisha wewe! Siku hiyo nilishona mikono miwili upande mmoja wa shati.

Kuna wanawake wa kiwandani hukaa pamoja zamu ikiisha, kuzungumzia watoto. Mmoja, mtoto wake anauma wenzake shuleni; mwingine, wa kwake haongei kabisa. Nilikwenda, nikakusema wewe mpaka sauti ikakauka. Yule mama wa muumaji akaniuliza, "Kwa hiyo mtoto anapendwa na watu wawili, na wewe ndiyo unalia?" Nikamkasirikia na yeye. Lakini nilirudi nyumbani nikachuchumaa mbele ya Kidoti. Akaniambia anaogopa giza la choo cha huku. Kumbe! Sasa namsindikiza, na wiki hii kitanda kikavu.

Dada yako

20 Juni

Dada, shikamoo.

Natumai nyote wazima. Niliposoma kitanda kikavu nilishangilia mpaka wateja wakageuka. Kisha nikaingia jikoni, nikaukanda unga kama una kesi na mimi. Wivu wako ulikuwa unanichekesha. Sasa umehamia kwangu na mizigo yake yote. Kama anakueleza wewe, mimi atanieleza nini?

Jumamosi nilikwenda darasani kuaga, maana sina mtoto tena. Mwashi akavuta kiti. "Kaa hapo. Asiye mzazi angekuwa amelala saa hizi, si kulialia." Wakanicheka, nikacheka nao, kisha nikalia kweli mbele ya watu. Bibi akanishika mkono mpaka darasa likaisha.

Shule zikifungwa mlete. Usipomleta nitakuja mwenyewe, na siku hiyo tutagombana mpaka majirani watoke nje. Namtaka, dada.

Mama yake mdogo